Mahali pa Kumkalisha Mama Mkwe

Watu wengi wakienda kununua boti iliyokwisha kutumika hukagua injini kwanza. Rénovat alianza na viti. Injini angeweza kuitengeneza mwenyewe, maana maisha yake yote anauza vipuri vya pikipiki pale Majengo na bado hajakutana na mashine iliyomshinda. Kilichomkosesha usingizi ni kitu kingine. Kwenye chombo chenye urefu wa hatua chache, kilichozungukwa na maji pande zote, mwanamume anamkalisha wapi mama mkwe wake?

Mji wa Mpanda ulikuwa umeshamcheka vya kutosha. Ukitaka kuliona ziwa Tanganyika sharti ule vumbi la kutosha mpaka Karema, na mtu wa Mpanda akinunua boti kila mmoja anajua ni ya dagaa au ya mizigo. Boti ya kutembeza watoto Jumapili ni mambo ya kwenye televisheni. Uwesu, jirani yake wa duka, alimuuliza kama ataifunga pale uani kwake Shanwe wasubiri masika. Rénovat alicheka pamoja nao wote, wala hakuwaeleza. Angeanzaje kuwaambia kwamba boti hiyo ni ombi, ilhali ombi lenyewe mdomo wake haukuruhusiwa kulitamka?

Alitaka mama mkwe wake asiondoke. Basi, hilo tu.

Rénovat ni mzaliwa wa Katumba, wazazi wake ni miongoni mwa wale wakimbizi waliotoka Burundi. Kwao mkwe anaheshimiwa sana, lakini watu hukaa pamoja, hula pamoja, na mazungumzo huwa hayakosi. Alipokwenda kumchumbia Vestina kule Inyonga, mshenga wake Gelasius alimweka kitako akampa somo la ukoo ule: mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, huli naye, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia porini mpaka apite. Rénovat alikuwa amempenda Vestina kiasi kwamba hata angeambiwa aingie porini kwa magoti, angeingia. Akalishika somo lile kwa mikono miwili. Na kama ilivyo kawaida ya mgeni, akalishika kuliko wenyewe.

Wakazaliwa Séverine na Alex. Alex alikuwa bado anatambaa Vestina alipougua, na haukupita muda mrefu wakamzika. Mama yake alikuja Shanwe na kapu moja la nguo kwa ajili ya msiba, akabaki kulea wajukuu. Alipewa nyumba ndogo ya nyuma, karibu na jiko, na tangu hapo uani pale pakawa na utaratibu ambao mgeni angedhani ni wendawazimu. Rénovat akirudi jioni alipiga honi ya pikipiki getini, akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Mama mkwe akitaka kuvuka uani alikohoa, na Rénovat, hata kama yuko katikati ya kunyoa ndevu, alichukua kioo chake akaingia ndani. Maneno yote yalipita kwa Séverine. "Bibi anasema mkaa umeisha." "Mwambie bibi unakuja kesho." Wakati mwingine wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kupitia ukutani, lakini mtoto ilibidi atembee na ujumbe ufike kwa miguu.

Kwa hiyo Rénovat alimjua mama mkwe wake kwa kikohozi, kwa hatua, na kwa mkono wake wa kupika kisamvu. Alijua akiwa na hasira anasukuma masufuria. Siku Alex alipopata malaria kali, alijua kwamba bibi hakulala, kwa sababu hata yeye hakulala, na usiku ule walikaa kila mmoja upande wake wa mlango wa mtoto. Uso wake hakuujua. Siku ya harusi aliangalia chini kama alivyofundishwa, na siku ya mazishi yule mama alikuwa amejitanda khanga mpaka puani.

Sasa Séverine alikuwa amemaliza darasa la saba na amefaulu kwenda shule ya bweni. Jioni moja alileta sahani ya wali na ujumbe juu yake. "Bibi anasema mimi nikienda shule Januari, na Alex sasa anajifulia mwenyewe, kazi yake imekwisha. Atarudi Inyonga." Rénovat aliusogeza ule wali kando. Alimtuma Mwanaiddi, mke wa Uwesu, aende akazungumze naye kikubwa. Mwanaiddi alirudi akasema, "Hana ugomvi na mtu, shemeji. Anasema anarudi kwake tu."

Ndipo alipokumbuka Karema. Mwaka jana aliwapeleka huko watoto na bibi yao, akakodi mtumbwi wa injini. Mtumbwi ulikuwa na benchi moja tu ndefu, kwa hiyo bibi alibaki ufukweni. Walipokuwa wanarudi nyumbani Alex alisimulia kwamba bibi alitia miguu majini akacheka mpaka akashika mbavu. Habari hiyo ilimwingia Rénovat moyoni. Zaidi ya miaka kumi na mbili hakuwahi kusikia kwamba yule mama anacheka. Akapiga hesabu yake ya kiume, iliyo nyepesi kama zilivyo hesabu nyingi za namna hiyo: nikipata boti yangu, yenye mahali pake yeye, atakuwa na jambo la kumbakiza.

Walikwenda Karema Jumamosi, yeye, watoto na bibi yao, kwa pikapu yenye viti vya nyuma. Kabla ya kuwasha gari Rénovat aligeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa, asije akamwona mkwe wake kwa bahati mbaya. Watoto walishazoea, wala hawakuuliza.

Muuzaji alikuwa Seleman, mfanyabiashara wa pale Karema, mtu wa maneno mengi na kofia safi. Alikuwa na boti mbili na alikuwa anauza moja tu, yoyote, mnunuzi ndiye achague. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya faiba, fupi, iliyowahi kubeba wageni wa kambi ya watalii. Ilikuwa na usukani mbele kama gari, kiti cha dereva, na nyuma yake viti vya kutazama mbele. Injini yake ilikuwa kubwa kupita mahitaji ya mtu yeyote mwenye akili. Ya pili ilikuwa ya bluu, ya mbao, ndefu na nzito. Dereva alikaa nyuma kabisa, ameshika mkono wa injini. Kule mbele kulikuwa na kibanda kidogo cha turubai, chenye pazia la kufunga kwa kamba, ambacho mwenye boti wa zamani alikitumia kufunika mizigo.

"Hii nyeupe ni ya raha," alisema Seleman. "Hii ya bluu ni ya kazi. Wewe bosi unataka raha au kazi?"

"Nataka kuzijaribu zote," alisema Rénovat.

Walianza na nyeupe. Watoto walivaa maboya ya kifuani, bibi naye akavalishwa lake na Séverine, wakakaa nyuma ya dereva. Seleman alibaki ufukweni akipunga mkono. Boti iliruka. Alex alikuwa anapiga kelele za furaha, na Rénovat, ameshika usukani, alisikia raha mpaka kwenye nyayo, kwa muda mfupi tu. Baada ya hapo mawazo yakaanza. Amempa mama mkwe mgongo. Je, kumpa mkwe mgongo ni heshima au ni dharau? Gelasius hakusema chochote kuhusu migongo. Alipotaka kukata kona kurudi ilibidi atazame nyuma upande wa kulia, na upande wa kulia ndiko alikokaa mama mkwe. Akatazama kushoto. Akakata kona kwa kubahatisha, akaenda moja kwa moja kwenye maboya ya nyavu za watu.

Wavuvi waliokuwa karibu walimtukana matusi ya kutosha, na yote alistahili. "Wewe huna shingo?" mmoja alimuuliza. Rénovat aliinua injini, akachomoa nyavu taratibu, akaomba radhi, na muda wote huo macho yake yalikuwa yameganda upande mmoja.  

Boti ya bluu ilimpendeza hata kabla haijaondoka. Mwendo wake ulikuwa wa konokono na ilikuwa na harufu ya dagaa wa tangu mwaka juzi, lakini ilikuwa na kile kibanda. Rénovat mwenyewe aliweka mto ndani, akashusha pazia, akakaza kamba, akarudi nyuma kwenye injini akiwa na furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi. Bibi aliingizwa mbele, watoto wakakaa katikati, na yeye nyuma aliweza kutazama popote alipotaka bila kosa. Karema ikawa ndogo nyuma yao. Maji yalikuwa yametulia, na milima ya Kongo ilikuwa inaonekana kwa mbali.

Walipofika mbali kidogo alizima injini, watoto wachezee maji. 

"Séverine," alisema, "muulize bibi kama huko ndani anakaa vizuri."

"Bibi, baba anauliza kama unakaa vizuri."

"Mwambie nakaa vizuri," ilisema sauti ndani ya turubai.

"Muulize tuchukue hii."

"Mwambie achukue anayoipenda yeye. Mimi Januari sipo."

 Rénovat alitazama mikono yake, ina grisi kwenye kucha kama siku zote. "Mwambie bibi hii naichukua kwa ajili yake. Hilo pazia nimelifunga ili awe huru."

Séverine alifungua kinywa kuupeleka ujumbe, lakini jibu likamwahi.

"Séverine, mwulize baba yako, mimi nimemkosea nini?"

Mtoto alimgeukia baba yake. Swali hakulirudia, na hakukuwa na haja. Alex alitoa mkono wake majini.

"Mwambie hajanikosea kitu," alisema Rénovat.

"Basi kwa nini ananificha?" Sauti haikuwa ya ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Namsikia pale getini anaongea na majirani, anacheka. Akiingia uani ananyamaza kama ameingia msibani. Nikasema labda ni mpaka azoee. Mtoto wangu akafa, nikasema labda sasa atanisogelea, tumefiwa wote. Hakuna. Na leo ananifungia kwenye turubai kama gunia la mahindi, anasema ni kwa ajili yangu."

"Nilifundishwa hivyo," alisema Rénovat, na kwa mara ya kwanza alisahau kumtaja Séverine. "Nilifundishwa ni heshima."

"Ni heshima. Lakini kwetu ina mwisho wake. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mkwe anakuja na doti ya khanga, anamtandaza mama mkwe mabegani, basi imekwisha hapo, mnakula chungu kimoja. Alipozaliwa Séverine mimi nilisubiri. Alipozaliwa Alex nikasubiri tena. Na hiyo khanga haiombwi. Ukiiomba umejidhalilisha. Nikajua huyu mtu hanitaki karibu yake. Sasa kwa kuwa naondoka, nimesema."

Boti ilikuwa inazunguka taratibu yenyewe. Rénovat alimfikiria Gelasius, ambaye alimfundisha mwanzo wa jambo, na kabla ya kufundisha mwisho wake akahamia Tunduma kutafuta maisha. Alimfikiria Vestina. Wiki ile Séverine alipozaliwa, Vestina alimuuliza akiwa amekaa na mtoto kifuani, "Mume wangu, hakuna kitu unataka kupeleka Inyonga?" Akajibu kipo, na akapeleka sukari na dumu la mafuta. Vestina akanyamaza. Bila shaka alidhani mumewe anajua na hataki, na binti gani angemdai mumewe zawadi ya mama yake mzazi? Mke, mume na mama, wote watatu waliheshimiana mpaka wakaumizana.

Aibu ilimpanda, na uchungu mkubwa kuliko aibu. Miaka yote ile alikuwa anapiga honi getini, na kila honi ilikuwa inamwambia yule mama: ondoka njiani.

Aliwasha injini. Akaiendesha mpaka boti ikagusa mchanga. Seleman alikuja mbio, suruali ameikunja magotini. "Vipi bosi, ipi?"

"Nisubiri," alisema Rénovat, akampita, akapanda kwenda madukani.

Duka la kwanza lilikuwa na mafuta ya kula na betri tu. La pili lilikuwa la mama mmoja aitwaye Raya, na lilikuwa na khanga ukuta mzima. Rénovat alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa na polisi. Hakuwahi kumnunulia khanga mtu yeyote ila Vestina.

"Ya nani?" aliuliza Raya.

"Ya mama mkwe."

Raya aliweka pembeni zile zenye maneno ya mafumbo, kisha zile zenye maneno ya mapenzi, akabaki na chache. "Amekasirika au hajakasirika?"

Rénovat alifikiria. "Amesubiri," alisema.

Raya alimtazama, akavuta doti moja ya rangi ya kahawia na njano, ya kitambaa kizito. Akaikunja vizuri, hakuitia kwenye mfuko.

Alipowakaribia, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gogo ufukweni, amelitazama ziwa, mgongo upande wa njia. Watoto walikuwa wamesimama kando, hawachezi. Rénovat aliufikia ule mgongo akasimama. Mabega hayo alikuwa anayajua. Mara nyingi aliyaona yakipotea kwenye mlango wa jikoni. Angeweza kuitandaza khanga akiwa pale pale nyuma, na kazi ingekuwa imefanyika nusu. Akazunguka. Hatua zile chache za kulizunguka gogo zilikuwa nzito kuliko safari yote ya kutoka Mpanda. Akapiga magoti mchangani, macho bado chini, akaifungua khanga, akamtandaza mabegani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nilikuwa sijui. Sikuambiwa. Naomba usiondoke."

 Mkono wa mama ulishika ncha ya khanga, ukaipapasa kama anaipima uzito.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Haya, niangalie basi. Unaongea na miguu yangu?"

Rénovat akainua macho.

Alikuwa Vestina. Paji ni lile lile, na jicho la kushoto ni dogo kidogo kuliko la kulia, na mdomo una kile kikunjo cha pembeni kinachotokea mtu anapojizuia kulia. Vestina wa kwenye picha ya sebuleni amebaki na umri wake ule ule, kila mwaka anazidi kuwa mdogo kwa mumewe. Huyu hapa alikuwa na mvi, na mistari ya jua machoni, na meno mawili yamepungua. Ni Vestina aliyezeeka, yule ambaye Rénovat alikubali siku ya mazishi kwamba hatamwona. Na alikuwa uani kwake miaka yote hiyo, hatua chache kutoka mlangoni, anapika.

"Kumbe na wewe una mvi," alisema mama mkwe, kwa mshangao, maana hata yeye hakuwahi kumtazama. Kisha akajipangusa uso kwa khanga mpya. "Inyonga siendi. Nitaenda kusalimia, nitarudi. Na chukua ile nyeupe. Kwenye hii nimekaa muda wote sioni hata ziwa."

Seleman alikuwa amesogea, kofia yake ameivua bila kujua kwa nini. Alisubiri kidogo, akakohoa.

"Kwa hiyo ni nyeupe, bosi?"

Rénovat alimsikia vizuri, lakini hakumgeukia. Alikuwa bado anamtazama mama mkwe wake.